Bwawa la Kukaa Tupu

"Hivi Mama Povu, hilo bwawa lenu unalilindia nini? Vyura?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, asubuhi moja ya kiangazi alipomwona anapanda njia ya korongo na reki begani. Mama Povu hakukasirika. Alijibu kwamba vyura nao ni viumbe wa Mungu, akaendelea kupanda.

Mama Cherehani alikuwa na ulimi mwepesi kuliko sindano yake, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Na kusema kweli, swali lake ndilo lililokuwa midomoni mwa wengi. Juu ya mtaa wao, pale korongo linapobanwa na vilima viwili, palikuwa na tuta la udongo lililokatiza njia ya maji kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, limefunikwa na nyasi fupi. Nyuma ya tuta, mahali ambapo mtu angetegemea kuona maji, hapakuwa na kitu ila ardhi iliyopasuka na mbuzi wa watu. Bwawa, lakini tupu. Na mama huyu, dobi mwenye magoti mabovu, alikwenda kulihudumia kila kulipokucha kana kwamba ana mgonjwa huko.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Chini kabisa ya tuta lilipita bomba pana, mtoto angeweza kutambaa ndani yake, likaingilia upande wa juu na kutokea upande wa mtaa. Mdomo wa juu ulikuwa na wavu wa nondo. Mama Povu aliondoa hapo majani, mifuko ya plastiki, matawi, na safari moja kiatu cha mtu, akakitundika ukutani kwake mpaka mwenyewe akapita akakitambua. Akimaliza aliinama akachungulia. Akiuona mwanga wa upande wa pili alisema, Mungu asante, akarudi kwenye mabeseni yake.

Ufuaji aliurithi kwa mama yake. Alisoma shule ya msingi, akajua kusoma na kuandika, kisha akaingia kwenye povu na hakutoka tena. Alijua doa la chai na doa la damu, nguo ya kuloweka na nguo ya kupikicha, na akinyoosha shati kwa pasi yake ya mkaa, mwenye shati alitembea siku hiyo kama ameongezwa cheo. Jina la Mama Povu alipewa na mumewe, kwa kuwa siku ya kwanza kumwona alikuwa na povu mpaka kwenye nyusi.

Mume alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache. Mafuriko yalipokuja yalikuja mchana, jua likiwaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu vilimani, mtaani halikudondoka hata tone. Watu walisikia mngurumo wakadhani ni lori, wakatoka kuangalia lori gani hilo. Yule bwana alimshika mkewe mkono, akampakata mtoto wao ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, akawapandisha wote kwenye kilima. Kisha akageuka.

"Nguo za watu ni amana," alisema, akarudi ndani.

Walimkuta bondeni, mzigo wa nguo ukiwa bado mikononi mwake. Fundo halikufunguka. Mama Povu alizifua upya nguo zile, akazianika, akazinyoosha, akapeleka kila moja kwa mwenyewe. Watu walizipokea, na wengine hawakuzivaa tena.

Baada ya msiba ule ndipo tuta likajengwa. Serikali ilitoa mhandisi na bomba, na mtaa ukatoa mabega. Wanawake walibeba udongo kwa karai, wanaume wakaushindilia, tabaka juu ya tabaka. Mhandisi alikuwa dada mmoja mpole asiyependa maneno marefu. Siku ya kumaliza aliwakusanya akawaeleza kwamba bwawa lao si la kuweka maji, ni la kuyachelewesha. Mvua kubwa ikija, maji yatajikusanya nyuma ya tuta na kutoka kidogo kidogo kwa bomba, badala ya kushuka yote kwa msukumo mmoja. Kisha bwawa litakauka na kungojea mvua nyingine. Beseni lililokwisha kujaa, alisema, halina pa kupokelea ndoo ya pili.

Akaongeza jambo moja, na hilo alilirudia. Bomba lisizibwe, si mbele wala nyuma. Maji yapite humo kama mgeni mwenye haraka, yasilale. Yakilala yatatafuta njia ya pembeni, na njia hiyo itakuwa ndani ya udongo wenyewe.

Wote walisikia, wote wakaitikia. Lakini neno la mwenye kujua ni kama wanga kwenye nguo: usipolirudisha, kila ukifua linatoka kidogo.

Miaka ikaenda. Mvua zilikuja, tuta likafanya kazi yake, na kwa kuwa lilifanya kazi yake, watu wakasahau kwamba lina kazi. Mtoto aliyepakatwa akawa mwanamume mwenye mke, fundi bomba wa kutegemewa, na mtaa mzima ukamwita Fundi. Alimpenda mama yake kupita maelezo. Kilichomuuma ni kumwona anakwenda kupanga foleni kisimani, mbali, na kurudi na ndoo kichwani huku goti linalia. Mama anabeba maji kichwani, aliwaambia wenzake, na juu ya nyumba yake maji ya mvua yanapita bure yanakwenda zao. Wenzake walitikisa vichwa. Kwa watu wa foleni ya kisima, kuyaangalia maji yakiondoka ni kama kuangalia mtu anamwaga unga barabarani.

Ikatokea dada yake Mama Povu, aliyeolewa mji mwingine, akapata ugonjwa wa kulala kitandani. Mama Povu akafunga safari ya kumuuguza, lakini kwanza alimkabidhi mwanawe reki.

"Nenda mama, usiwe na wasiwasi," Fundi alimwambia. "Bomba niachie mimi."

Alikaa huko muda mrefu kuliko alivyokusudia. Mvua za vuli zilimkuta kwa dada yake, zikanyesha zikaisha. Mgonjwa alipoweza kusimama na kuanza kugombana na majirani zake, Mama Povu akajua amepona, akarudi.

Aliposhuka kwenye gari alimkuta Mama Cherehani anamngoja, anacheka peke yake. Kabla ya salamu kuisha, yule jirani alitoa kitambaa akamfunga macho. Mama Povu akauliza kama ametekwa. Akaambiwa ndiyo, ametekwa, na atembee pole pole asije akajikwaa. Nyuma yao akasikia nyayo za watu wengi na vicheko vya kuzibwa na viganja. Alihisi njia inapanda. Alihisi nyasi. Kisha akasikia kitu ambacho hakupaswa kukisikia mahali pale: maji yakilamba ukingo.

Kitambaa kikafunguliwa.

Bwawa lilikuwa limejaa. Maji yalienea kutoka kilima hadi kilima, yakimeremeta, na bata wa mtu fulani walikuwa wanaogelea katikati kwa raha zao. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo na koti lake la mikutano. Mkwewe, mke wa Fundi, alipiga vigelegele. Mama Povu alisimama kama nguo iliyoganda kwenye kamba. Machozi yakamtoka, na watu wakadhani ni furaha, wakazidisha makofi.

"Bomba liko wapi?" aliuliza.

Fundi akamshika mkono, akamteremsha upande wa mtaa. Mdomo wa chini wa bomba ulikuwa umefunikwa kwa kifuniko cha chuma, kimekazwa kwa nati pande zote, kazi safi isiyovuja hata tone. Katikati ya kifuniko palikuwa na koki inayong'aa. Chini yake walikuwa wamemjengea jukwaa la saruji la kufulia, lenye mteremko wa kumwagia maji na kibao cha kukalia ili asiinamishe goti.

"Hapa ndipo ofisini kwako, mama," Fundi alisema. "Unazungusha tu. Kisima ukakisalimie siku za sikukuu."

Mama Povu alikumbuka sauti ya yule mhandisi kama vile imesemwa jana, akawatazama watu wale, wengi wao waliokuwa wamebeba karai pamoja naye, na hakuona hata uso mmoja unaokumbuka. Hilo ndilo lililomshtua kuliko maji.

Jioni alimwambia mwanawe kwa upole kwamba kifuniko kitolewe. Fundi akasema kwamba mtaa mzima umeshiriki, kwamba yeye hakulala akifikiria magoti yake, na kwamba kama mama hataki zawadi aseme tu hataki. Walikwenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti, mtu wa kupenda amani, alitoa hukumu ya katikati: kifuniko kitatolewa kabla ya masika, kwa sasa mama apumzike. Mama Povu aliona mwanawe anavyokwepa kumtazama, moyo ukamlainika, akakubali. Na Mungu ndiye shahidi, maji ya koki yalikuwa matamu. Goti lilipoa. Mashuka ya zahanati, ambayo zamani yalimchosha mwili mzima, sasa aliyamaliza kabla jua halijawa kali, akiimba nyimbo za sala.

Mvua nayo haisomi ahadi za mwenyekiti. Ilianza huko juu vilimani, mapema kuliko desturi, na mtaani jua lilikuwa linawaka vilevile.

Asubuhi hiyo alikuwa anasuuza. Maji ya koki yalitoka meupe. Alikamua shuka moja, akalitandaza kwenye nyasi za mteremko wa tuta, pembeni ya bomba, kama alivyozoea, akageuka achukue jingine. Alipogeuka tena, shuka lilikuwa na doa. Doa la rangi ya chai, katikati, nalo lilikuwa linatanuka. Akadhani ameliweka kwenye tope. Akalinyanyua, akaweka kiganja chake kwenye nyasi. Maji yalikuwa yanabubujika kutoka ardhini, pole pole, baridi, na kila yalipopumua yalitoa udongo laini kama unga.

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Koki aliiacha inamwaga. Akalikunja shuka bichi, akalipakata, akashuka mtaani kwa magoti yale yale, akikimbia.

Fundi alikuwa kibandani kwake anatengeneza bomba la muuza chai. Alipomwona mama yake na shuka linalochuruzika, alicheka.

"Leo doa limekushinda, mama? Unaniletea mimi?"

"Ni tuta, mwanangu," alisema. "Tuta linatoka. Linatoka kidogo kidogo, liko hapa kwenye shuka."

Akalifunua. Fundi aliligusa, akasugua ule udongo kwa vidole, udongo mwekundu ambao korongoni haupo, ule uliochaguliwa na kubebwa kutoka mbali kwa ajili ya moyo wa tuta. Kicheko kikamfia usoni. Alichukua spana na nyundo.

Muuza chai akakimbia kwa mwenyekiti, na mwenyekiti, koti akiwa amelivaa nje ndani, akapita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu. Wengine walitoka na magodoro, wengine na kuku. Wapo waliotazama jua wakauliza, mafuriko ya wapi na anga hili? Wazee wao, waliokuwa wamewahi kutoka kuangalia lori, hawakuuliza. Walishika wajukuu mikono wakapanda kilima.

Mama Cherehani alitoka na cherehani kichwani. Alipofika kilimani akaitua, akapiga paja, akakumbuka gauni la bibi harusi. Liko ukutani, limebaki vifungo tu. Akageuka kurudi. Mama Povu, aliyekuwa nyumbani kwake kando ya njia anafungua kamba yake ya kuanikia nguo ili aipeleke kwenye tuta, aliiacha kamba akamkamata jirani yake kwa nguvu ambazo wote wawili hawakujua anazo.

"Nguo zina mwenyewe, shoga," alimwambia, "na wewe una mwenyewe. Usirudi."

Mama Cherehani akamtazama. Akakumbuka ni nani anayemwambia hivyo, na kwa nini. Akaokota ncha ya kamba.

Kwenye tuta, Fundi alikuwa ameshalegeza nati nyingi. Maji yalifyatuka pembeni mwa kifuniko, membamba na makali kama nyaya. Nyuma ya tuta bwawa lilikuwa linapanda, limeanza kubadilika rangi. Mama Povu alimfunga mwanawe kamba kiunoni kama alivyomfunga mbeleko zamani, akazungusha upande wa pili kiunoni kwake, na nyuma yake akajifunga Mama Cherehani, na nyuma yake muuza chai na wanaume wengine, wote wameketi kwenye mteremko na visigino vimekita ardhini. Fundi alisimama ubavuni, si mbele, kama alivyofundishwa kusimama kwenye bomba lenye nguvu. Nati moja ilikataa. Aliipiga nyundo, ikakataa. Akaipiga tena.

Kifuniko hakikuanguka, kiliruka. Kilipita juu ya jukwaa la saruji kikaenda kugonga kilima cha pili, na maji yakatoka nyuma yake yakiwa nguzo nzima, yakalibeba jukwaa, kibao, mabeseni, mashuka ya zahanati, yote kwa pumzi moja. Fundi alitoweka. Kamba ilikazika ikamkata Mama Povu kiunoni, akavutwa kwenye tope mpaka miguu ikaingia majini. Hakupiga kelele. Midomo ilikuwa inasema kitu, na waliokuwa karibu wanasema ilikuwa sala, wengine wanasema alikuwa anaita jina la mumewe. Wakavuta. Fundi akatokea, mkono wake mmoja umekaa vibaya, mfupa umevunjika. Mama yake alimpakata kama alivyokuwa mchanga, akamfuta uso kwa upindo wa nguo yake.

Maji yalishuka korongoni kwa kishindo, lakini yalishuka korongoni. Yaliingia kwenye vyoo vya nyumba za ukingoni, yakachukua uzio na banda la bata. Watu wote walikuwa kilimani.

Kesho yake, maji yalipokuwa yamepungua, walipanda kwenda kuliangalia tuta. Juu, pale walipozoea kupita na kusimama na kupiga makofi, palikuwa na shimo. Nyasi zilikuwa zimezama ndani, na upana wake ulikuwa kama wa kaburi. Udongo wa chini ulikuwa umeshaondoka, tuta lilikuwa limebaki ganda. Watu walilizunguka shimo lile. Mama Cherehani alikaa chini kwenye nyasi na kushika tama. Mwenyekiti alivua kofia, asijue anaivulia nini. Wote walikuwa wanafikiria jambo moja: watoto walikuwa wanacheza hapa wiki nzima.

Yule dada mhandisi, sasa mama mtu mzima mwenye miwani, aliitwa. Alishuka ndani ya shimo, akapanda, akakung'uta mikono. Hakumgombeza mtu. Alisema tuta linaweza kutengenezwa, wachimbe sehemu iliyoharibika na kushindilia upya kama zamani, na akauliza kama karai bado wanazo.

Siku ya mkutano, hofu ilikuwa imegeuka hasira, kama ilivyo tabia ya hofu. Watu walianza kumnyooshea kidole Fundi, aliyekaa nyuma na mkono kwenye bendeji. Aliyefunga bomba ni nani? Alitaka kutuua na watoto wetu. Mmoja alisema ahame. Mwingine akasema asipewe tena kazi ya bomba, hata la kuoshea vikombe. Fundi hakujitetea. Mkewe alikuwa anaitazama sakafu.

Mama Cherehani ndiye aliyesimama. Alisema kitambaa cha kumfunga macho Mama Povu kilikuwa chake, na bado kiko ndani kwake, anayetaka ushahidi akakichukue. Saruji ya jukwaa ilitoka kwa nani? Makofi yalipigwa na nani? Mwenyekiti, vigelegele hukuvisikia, au vilikupita? Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, kicheko cha aibu.

Mwenyekiti akakohoa. Akasema mwenye haki ya kusema neno la mwisho ni Mama Povu, kwa kuwa ndiye aliyekataa, na ndiye aliyeliona doa. Aombe lolote, mtaa utampa.

Mama Povu alisimama kwa kushika kiti cha mbele yake. Reki alikuwa amekuja nayo, ameiegemeza ukutani karibu na mlango, na watu walikuwa wameiona bila kujiuliza ya nini. Alimtazama mwanawe, kisha akawatazama wao.

"Naomba kazi ya kusafisha mdomo wa bomba apewe mwanangu," alisema. "Magoti yangu hayapandi tena. Mkono wake ukipona, muwe mnamwona anapita na reki kila asubuhi, na mkimwona mumwitikie salamu."